Picha ya Pasipoti Haiguswi

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia kwanza studio ya picha ya baba yake. Alitundika mkoba nyuma ya mlango, akanawa mikono na kuikausha vizuri, kwa sababu Baba hakupenda kuona alama za vidole kwenye picha. Kisha alifuta vumbi kwenye taa mbili zenye miavuli myeupe, akanyoosha pazia jeupe la ukutani, akaosha kitana kilichofungwa kwa uzi kando ya kioo. Mwisho alipiga brashi koti jeusi lililotundikwa pamoja na tai yake. Koti hilo lilikuwa la wateja wote. Karibu kila mwanamume wa mtaa ule, mnene kwa mwembamba, alikuwa na picha aliyopigwa akiwa amelivaa. Kwa wale wembamba, Baba alilibana kwa vibanio mgongoni, mahali ambapo kamera haifiki.

Jina la Chiriku alipewa na Bibi, mama yake Baba, kwa kuwa tangu alipojua kusema mdomo wake haukupumzika. Lakini pale studio alisifiwa kwa mkono, si kwa mdomo. Baba alimfundisha kusafisha picha kwenye kompyuta: kufuta vipele, kung'arisha meno, kunyoosha kola iliyopinda. Wateja walilipenda jambo hilo kuliko picha yenyewe. Walikuja kupigwa picha, ndiyo, lakini walichotaka kuondoka nacho ni sura yao ya Jumapili.

Siku moja alikuja mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu na mwembamba aliyeitwa Msumari.

"Chiriku, hii ni ya kadi ya timu," alisema. "Nitie misuli kidogo hapa mabegani."

"Nikutie misuli niitoe wapi? Hata hilo koti ukilivaa linakuwa kama bado limetundikwa."

"Basi nifutie hata hivi vipele."

"Hivyo navifuta. Kaa sawa, na usikodoe macho kama umeona nyoka."

Baba alicheka, lakini Msumari alipoondoka alimgeukia binti yake. Alimwonyesha kibali kipya kilichokuwa kwenye fremu ukutani. Studio yao ilikuwa imeruhusiwa kupiga picha za pasipoti mpya na kuzituma kwa kompyuta moja kwa moja hadi ofisi inayozitengeneza. Baba alikihangaikia kibali hicho kwa muda mrefu, na kila asubuhi alikipangusa kwa kitambaa safi.

"Kwenye picha nyingine mteja ni mfalme," alisema. "Akitaka kung'aa, mng'arishe. Lakini picha ya pasipoti haiguswi. Uso unakwenda kama ulivyo."

"Hata kipele?"

"Hata kipele. Mlangoni kwa watu hutakiwi kupendeza, unatakiwa kutambulika."

Haikupita muda, Bibi mwenyewe akahitaji pasipoti. Alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikwisha kuharibika zamani, likawa jeupe, na kope lake likalegea. La kulia bado liliona, lakini lilikuwa linazibwa polepole kutoka pembeni, akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Hospitali moja katika nchi jirani ilikubali kumfanyia upasuaji, na ikampa nafasi. Daktari aliyemwandikia alisema waziwazi kwamba upasuaji ule usingerudisha nuru iliyopotea. Ungezuia tu iliyobaki isipotee. Kwa hiyo kuwahi ndiko kulikokuwa dawa yenyewe.

Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyepangwa kumsindikiza. Alimleta studio akiwa amemshika mkono.

"Shikamoo, Bibi," alisema Chiriku.

"Marahaba, kinywa kisicholala. Leo mtanifanya nini?"

Baba alimkalisha kwenye kigoda, akamvua miwani yake myeusi ya jua, akasogeza taa moja mbele na nyingine nyuma hadi kivuli cha pua kikatoweka.

"Mama, tazama hapa. Usitabasamu."

"Nisitabasamu! Kwani napelekwa mahakamani?"

"Ndiyo sheria, Mama. Mdomo ufungwe, macho yawe wazi."

"Yote mawili? Hili moja hata likiwa wazi halina habari."

Wote walicheka, na Baba akapiga picha Bibi alipokwisha kutulia. Ilikuwa picha nzuri, yenye mwanga sawasawa kila mahali. Papo hapo simu ikalia. Watu wa arusi aliyokuwa aipige picha jioni ile walikuwa wamekwisha kufika ukumbini, nao wakamtaka haraka. Baba alikusanya kamera zake.

"Chiriku, ikate iingie kwenye kipimo, halafu uitume. Picha ya pasipoti haiguswi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Baba."

Baba alipotoka, Bibi alisogea kwenye kompyuta hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo. Alitafuta uso wake kwa lile jicho moja, akaupata.

"Ndivyo ninavyoonekana?" aliuliza taratibu. Aligusa kope lake lililolegea. "Kila nitakapofungua hicho kitabu, wageni watalitazama hili kabla hawajanisalimu. Basi, ndilo nililo nalo."

Akatoka kwenda kukaa na Shangazi kwenye benchi la nje.

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Alitazama picha, akatazama mlango. Kisha mkono wake ukafanya kile ulichozoea kufanya kila siku. Alinakili jicho la kulia, akaligeuza, akalilaza juu ya la kushoto. Akainua kope. Akalainisha mikunjo ya shavu ili pande zote mbili zilingane, akafuta na kovu la kwenye paji la uso. Bibi aliyebaki kwenye kioo alikuwa na macho mawili maangavu. Chiriku hakuona kama anadanganya. Aliona kama anatibu.

Programu ya ofisi ya pasipoti ilikagua picha kabla ya kuipokea. Mwanga: sawa. Kivuli: hakuna. Ukubwa wa kichwa: sawa. Alama ya kijani ikatokea. Programu ile ilijua kupima picha, haikumjua Bibi. Chiriku akabonyeza "Tuma".

Baba aliporudi kutoka arusini aliuliza, "Umeituma?"

"Nimeituma."

"Kama ilivyo?"

Chiriku aligeukia taa, akaanza kuipangusa. "Kama ilivyo, Baba."

Baba alimpiga begani kwa upole. "Sasa nikizeeka sina wasiwasi," alisema.

Pasipoti ilipokuwa tayari, Chiriku aliandamana na Bibi na Shangazi kuichukua. Jua lilikuwa kali na Bibi alivaa miwani yake myeusi. Karani alimwomba aweke kidole kwenye kioo kidogo cha kusoma alama za vidole. Taa ya kijani ikawaka, naye karani hakuona haja ya kumsumbua mwanamke mzee kwa kumvua miwani. Alimkabidhi kijitabu kwa mikono miwili.

"Hizi mpya si kama zile za zamani," alisema kwa fahari. "Zamani picha ilibandikwa, na mjanja aliweza kuibandua akaweka yake. Hii haikubandikwa. Imechongwa kwa mwali wa mwanga ndani ya plastiki, ndiyo maana ina rangi ya kijivu. Ukiikwangua, ukurasa wote unaharibika. Hebu uinamishe kidogo, dada. Unaona sura ya pili, ndogo, inatokea pembeni?"

"Naiona!" alisema Shangazi. "Kama mzimu wa Mama!"

"Na humu kwenye jalada kuna chipu, nyembamba kuliko ukucha. Ndani yake imo picha ileile, imefungwa kwa kufuli ya kompyuta. Mimi siwezi kuibadilisha. Hata mkuu wangu hawezi."

"Kwa hiyo sura ya mtu siku hizi haiibiwi," alisema Bibi.

"Haiibiwi, Bibi, wala haibadiliki."

Chiriku alichungulia ule ukurasa. Macho mawili mazuri, ya kijivu, yalimtazama kutoka ndani ya plastiki, na hapakuwa na mahali pa kubonyeza ili kuyarudisha yalivyokuwa.

Njiani alijaribu. "Shangazi."

"Sema, Chiriku. Leo umetulia mpaka unanitisha."

"Picha ya mtu ikiwa… nzuri kupita kiasi, wanaweza kuikataa?"

Shangazi aliangua kicheko. "Tangu lini uzuri ukawa kosa? Mama, umesikia? Mjukuu wako anaogopa utaolewa huko huko!"

Bibi alicheka hadi akajishika mbavu, na Chiriku alikosa ujasiri wa kuikata furaha ile. Alijiambia kwamba pengine hakuna atakayegundua. Jioni Baba aliomba aione pasipoti, lakini Shangazi alikwisha kuifungia kwenye begi la safari. "Utaiona uwanja wa ndege, kaka," alisema. "Hili begi nimelifunga kwa kulikalia. Likifunguka, ni wewe utakayelikalia."

Siku ya safari walifika uwanja wa ndege mapema. Katika pilikapilika za kuagana Baba hakukumbuka kuiomba pasipoti; yeye na Chiriku waliwaaga nje ya ukuta wa kioo, kisha wakasimama kuwatazama wakivuka. Mbele ya Bibi kulikuwa na mlango mwembamba wenye kamera. Shangazi alipita kwanza bila taabu. Bibi akafuata. Askari alimwambia avue miwani, naye akaivua na kuinua uso kama alivyoelekezwa.

Taa ikawaka nyekundu.

Walimrudisha hatua, wakamwambia atulie, wakamjaribu tena. Nyekundu. Afisa mmoja wa uhamiaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, alichukua pasipoti mkononi. Alitazama picha, akamtazama Bibi, akatazama picha tena. Baadaye kidogo Baba na Chiriku wakaitwa kwenye chumba cha pembeni, chenye meza moja na viti vya chuma. Bibi alikuwa amekaa, miwani mapajani, uso umeelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Shangazi alisimama kando yake.

"Nani alipiga picha hii?" aliuliza afisa.

"Mimi," alijibu Baba, kifua mbele. "Studio yangu ina kibali. Nimempiga picha mama yangu mzazi kwa mikono hii, nayo haikuguswa."

"Mzee, mama yako ana macho mawili mazima?"

Afisa alimpa pasipoti. Baba akaisogeza kwenye mwanga na kuiinamisha. Chiriku aliuona uso wa baba yake ukibadilika. Fundi huijua kazi iliyopitia mikononi mwa mtu mwingine. Baba hakumgeukia binti yake. Alifunga kile kijitabu, akakiweka mezani, na kifua chake kikashuka.

"Studio ni yangu," alisema. "Kilichotoka humo ni changu."

Afisa akavuta kalamu. "Basi jina lako litaandikwa, mzee. Kubadilisha picha ya pasipoti si mchezo. Watu wanapita hapa na nyuso za wenzao."

"Si yeye!" Chiriku alipaza sauti. "Ni mimi. Baba alinikataza. Nilimwekea Bibi jicho… nilitaka apendeze. Baba aliniuliza nikasema nimeituma kama ilivyo."

Bibi aligeuza kichwa kuelekea sauti ile.

"Chiriku? Uliniwekea nini?"

Chiriku alimgeukia afisa. "Nimekwisha kusema ukweli. Sasa mwacheni apite. Ndege bado ipo!"

Afisa aliweka kalamu chini. "Umefanya vyema kusema, binti. Nitaandika kwamba baba yako hakukusudia. Lakini hilo haliwezi kufungua mlango. Alama ya kidole chake inasema ni yeye, picha inasema si yeye. Kitabu kinachosema maneno mawili hakivuki mpaka."

"Dada yangu," Shangazi aliomba, "mwone mwenyewe, ni mgonjwa. Mwanamke huyu unamwona ni mhalifu?"

"Nikimwonea huruma hapa, huko aendako mashine itamkataa vilevile. Watamrudisha kwa ndege ileile, au watamweka kizuizini peke yake. Huo ndio msaada unaoutaka?"

Shangazi akakaa. Baba alipiga simu hospitali. Walimsikiliza kwa adabu na kumwambia kwamba nafasi haiwezi kusubiri, wagonjwa ni wengi. Wangemtafutia nyingine pasipoti itakapokuwa sawa. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu wala wa kumbembeleza. Kila mmoja alikuwa anafanya kazi yake inavyotakiwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusaidia.

Kisha vioo vya dirisha vikatetema kidogo.

"Ile ndiyo ndege yetu?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo, Mama," alijibu Baba.

"Ina sauti nzuri," alisema Bibi, akavaa miwani yake.

Kibali cha studio kilisimamishwa uchunguzi ulipokuwa ukiendelea, na Baba akakishusha mwenyewe ukutani. Hakumpiga Chiriku wala hakumfokea. Chiriku alitamani afokewe, maana ukali wa Baba ulikuwa na mwisho. Huu ukimya haukuwa nao. Walikwenda pamoja ofisi ya pasipoti kuomba haraka. Karani yuleyule, safari hii bila fahari, aliwaeleza kwamba kitabu cha kwanza lazima kifutwe kabla ya cha pili kutengenezwa, na kufutwa kwake kuna hatua zake.

"Siwezi kukifuta mimi?" aliuliza Chiriku. "Kwenye kompyuta kuna kurudi nyuma."

"Humu hakuna kurudi nyuma, binti. Kilitengenezwa hivyo makusudi, ili mwizi asiweze. Na mimi nina kosa langu, nilipaswa kumvua bibi yako miwani. Lakini tukijilaumu wote wawili hapa, kitabu hakiji mapema."

Wakasubiri. Nyumbani Bibi alianza kupapasa ukuta mahali alipokuwa akipita bila kufikiri. Siku moja alimimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani hadi magotini kwake. Chiriku alikimbia na kitambaa. Alifuta meza, akafuta sakafu, akafuta tena mahali palipokwisha kukauka. Kila alipomshika Bibi mkono kumpeleka uani, alihisi uzito wa mkono ule ukiongezeka, kwa kuwa Bibi alikuwa anamwegemea zaidi.

"Leo huimbi, husemi," Bibi alimwambia. "Zamani nilikuwa nakusikia kabla hujafika. Sema kitu basi, nijue uko upande gani."

Chiriku aliubana tu mkono wake kidogo.

Safari hii picha ilipigwa palepale ofisini, na kamera ya ofisi. Baba, pamoja na utaalamu wake wote, alikaa kwenye benchi kama mteja. Chiriku hakuwa na kazi ila kushika miwani. Bibi aliinua uso wake wote kwenye mwanga: mikunjo, kovu, kope lililolegea na jicho jeupe. Mpigapicha wa ofisi alimwambia asitabasamu, na Bibi hakuwa na mzaha wa kumjibu.

Pasipoti ya pili ilitoka, hospitali ikapata nafasi nyingine, na kwenye ule mlango mwembamba taa ikawaka kijani mara moja. Bibi na Shangazi wakaenda na kurudi salama. Kibali nacho kikarudishwa baada ya uchunguzi. Upasuaji ulikuwa mzuri, daktari aliweza kuuzuia ugonjwa usisonge mbele. Lakini aliuzuia pale alipoukuta, na alikuwa ameukuta mbali. Nuru iliyopotea katika kusubiri haikurudi.

Walipomfikisha nyumbani, Chiriku alimsaidia kushuka kwenye gari, akamsogelea uso kwa uso.

"Bibi, unaniona?"

"Pua naiona, na mdomo, ingawa siku hizi hauna kazi. Masikio nakisia tu."

Chiriku akaanza kulia. "Nisamehe, Bibi. Nilitaka upendeze."

"Najua. Nami nilinung'unika mbele ya picha ile, nikakutia huzuni. Nimekwisha kukusamehe, tena zamani. Lakini nisikilize vizuri, maana msamaha wangu hauwezi kulifungua hili jicho." Bibi aliushika uso wa mjukuu wake kwa viganja viwili. "Jicho langu bovu lingenivusha mpaka bila shida. Jicho zuri la uongo ndilo lililonizuia. Na kosa la mkono wako lilikuwa dogo, baba yako angelirekebisha jioni ileile, kama ungemwambia alipokuuliza. Neno lile, 'kama ilivyo', ndilo lililokwenda mpaka uwanjani. Mtu akikuuliza jambo, mwambie lilivyo, hata kama lina doa, hata kama unampenda. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Haya. Sasa nishike mkono. Hapa mlangoni palikuwa na kizingiti, nami sikioni tena."